Serikali Yamwaga Mabilioni. Lini?

Kuna kitenzi kimoja ambacho magazeti yetu hayawezi kukiacha kila zinapokuja habari za fedha za umma: kumwaga. Serikali yamwaga mabilioni. Mabilioni yamwagwa Tabora. Wizara yamwaga fedha za maji. Mgeni anayejifunza Kiswahili kwa kusoma kurasa za mbele peke yake angeweza kudhani Hazina ni ndoo, na Waziri wa Fedha ni mtu anayetembea nayo njiani huku akipepesuka.

Naanza na kitenzi hicho kwa sababu naamini ugonjwa wa uandishi wetu wa uchumi huonekana kwanza kwenye sarufi, kabla haujafika kwenye takwimu. Tazama kiambishi cha wakati. Kiswahili ni tajiri kwa mambo ya wakati. Tuna -li- kwa yaliyopita, -me- kwa yaliyotimia na matokeo yake yapo, -na- kwa yanayoendelea, -ta- kwa yajayo. Mtoto wa darasa la tatu anajua tofauti ya "baba amenunua baiskeli" na "baba atanunua baiskeli", na atalia au atacheka kulingana na kiambishi atakachosikia. Lakini kichwa cha habari huchagua -a-: yamwaga, yajenga, yatenga, yaleta. Serikali yajenga kituo cha afya. Imejenga? Inajenga? Itajenga, endapo fedha zitapatikana? Herufi moja inaokoa nafasi kwenye ukurasa, hilo nalielewa, na wahariri wana haki ya kubana maneno. Ila kwenye habari za fedha herufi hiyo hufanya kazi nyingine pia. Huunganisha ahadi, mkataba, malipo na jengo lililokamilika kuwa kitu kimoja kisicho na tarehe.

Kisha tazama taswira yenyewe. Kinachomwagwa hakina kipimo, hakina chombo cha kukipokea, wala hakina mtu wa kukitolea risiti. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Walikuwa wanazungumzia hasara. Sisi tumelichukua neno la hasara tukalifanya neno la neema.

Haya yangekuwa malalamiko ya mwanafunzi wa lugha tu, kama si namna gazeti linavyosomwa mbali na miji mikubwa. Chukua Choma cha Nkola, wilayani Igunga, kaskazini mwa njia kuu ya zamani ya misafara iliyopita Ugogo kwenda Unyanyembe. Huku gazeti la karatasi ni mgeni. Linalofika ni kichwa cha habari. Asubuhi mtangazaji wa redio anasoma kurasa za mbele, moja baada ya nyingine, na watu wanasikiliza wakiandaa chai au wakisubiri bodaboda. Baadaye picha ya ukurasa wa mbele inapita kwenye makundi ya WhatsApp. Kurasa za ndani, ambako mwandishi mwangalifu huenda ameeleza kwamba fedha hizo ni makadirio ya miaka mitatu, hazisomwi redioni na hazipigwi picha. Kwa wasomaji wengi wa Kiswahili, kichwa cha habari ndicho gazeti lenyewe.

Mama yangu mdogo ana kibanda cha wakala wa fedha za simu huko Choma. Siku moja redio ilipomaliza kusoma mabilioni ya mkoa wetu, alinigeukia akaniuliza, kwa upole wa mtu anayeuliza njia: "Mwanangu, wewe unayesoma huko chuoni, hizo fedha wamezimwaga wapi? Maana hapa hata tope sioni." Wateja walicheka. Mimi nilibaki na swali lake, kwa sababu ndilo swali ambalo mwandishi wa habari ile alipaswa kuwa nalo kabla ya kuandika.

Tuanze na takwimu kubwa kuliko zote, bajeti ya taifa. Kila Juni kurasa za mbele hubeba trilioni kwa herufi nene. Mwaka wa fedha 2022/23 ilikuwa shilingi trilioni 41.48. Mwaka 2023/24 ikawa trilioni 44.39, mwaka 2024/25 trilioni 49.35, na mwaka 2025/26 trilioni 56.49. Kila mara tunaambiwa imepanda. Na ni kweli, imepanda. Lakini imepanda kuliko nini?

Fanya hesabu ambayo gazeti lingeweza kuifanya kwa kikokotoo cha simu. Kutoka 41.48 hadi 44.39 ni ongezeko la karibu asilimia 7. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 61,741,120 na kuonyesha kwamba tunaongezeka kwa wastani wa asilimia 3.2 kwa mwaka. Mfumuko wa bei katika kipindi hicho ulikuwa karibu asilimia 4. Jumlisha hizo mbili. Utaona kwamba bajeti ya 2023/24, iliyozidi ya mwaka uliotangulia kwa karibu trilioni tatu, kwa mtu mmoja mmoja ilisimama pale pale. Watu wameongezeka, bei zimepanda, na ongezeko lote likaishia humo. Ongezeko lililofuata, kutoka 44.39 hadi 49.35, lilikuwa zaidi ya asilimia 11, na hilo ni jambo tofauti kabisa. Kutoka 49.35 hadi 56.49 ni zaidi ya asilimia 14. Kwa hiyo katika miaka mitatu ambayo kichwa cha habari kingeweza kuwa kile kile, yalitokea mambo mawili tofauti: mwaka mmoja wa kusimama na miaka miwili ya kupanda kweli. Msomaji aliyepewa trilioni bila kupewa idadi ya watu na bei za vitu hawezi kutofautisha.

Au gawanya kwa namna nyingine. Trilioni 56.49 ukizigawa kwa watu waliohesabiwa mwaka 2022, bila hata kuwahesabu waliozaliwa tangu wakati huo, unapata kama shilingi 915,000 kwa kila mtu kwa mwaka. Kwa siku ni shilingi 2,500 hivi. Humo ndani mna mishahara ya walimu na wauguzi, mna ulinzi, mna barabara, mna malipo ya deni la taifa. Ghafla trilioni inakuwa kitu ambacho mtu aliyekaa kwenye kibanda cha wakala anaweza kukishika mkononi na kukijadili. Anaweza kusema ni kidogo sana kwa yote hayo. Anaweza pia kusema ni nyingi, na kuuliza mbona haoni. Majibu yote mawili yana maana kuliko kupiga makofi kwa sababu ya sifuri kumi na mbili.

Sidai kwamba mwandishi awe mtaalamu wa uchumi. Nadai kugawanya. Trilioni ni kubwa mno kwa kichwa cha mtu yeyote, wa Choma au wa Dar es Salaam. Tofauti ya gazeti na kipaza sauti ni kwamba gazeti linapaswa kuivunja namba hiyo vipande vipande kabla ya kuifikisha kwa msomaji.

Kosa la pili linahusu mwendo wa fedha, na hapa njia ya zamani ya misafara inatufaa.

Katika karne ya 19, mfanyabiashara aliyetoka Bagamoyo na mizigo mia moja hakuwa na mizigo mia moja mpaka afike Unyanyembe. Mpagazi mmoja alibeba kama frasila mbili, yaani karibu kilo 32, za nguo, shanga au waya. Njiani kulikuwa na hongo, ada ya kupita ambayo watawala wa Ugogo na kwingineko walitoza kwa nguo, shanga na nyaya hizo hizo. Wapagazi waliugua, wengine walitoroka na mizigo. Mwaka 1871 vita ya Mirambo na wafanyabiashara wa Kiarabu wa Unyanyembe iliifunga njia ya kwenda Ujiji kabisa, na mizigo iliyokuwa safarini ikakwama. Mtu wa Tabora aliyeambiwa kwamba msafara umeondoka pwani alikuwa amepata nusu ya habari. Nusu nyingine ilikuwa kwenye hesabu ya kufika: mizigo mingapi, baada ya hongo ngapi, lini. Neno hongo limebaki kwenye lugha yetu, ila sasa lina maana ya rushwa. Nadhani hata hilo ni kumbukumbu ya watu waliojua kwamba kinachotoka hakilingani na kinachofika.

Magazeti yetu yamekuwa waandishi wa habari za Bagamoyo. Yapo siku msafara unapoondoka, yakiwa na kamera. Chukua reli ya kisasa, mradi mkubwa kuliko yote unaougusa mkoa wa Tabora tangu reli ya Wajerumani ilipofika mjini hapo mwaka 1912. Mkataba wa Makutupora hadi Tabora ulisainiwa Desemba 2021, kilomita 368, kwa takribani dola bilioni 1.9. Wa Tabora hadi Isaka ulisainiwa Julai 2022, kilomita 165, kwa takribani dola milioni 900. Wa Tabora hadi Kigoma ulisainiwa Desemba 2022, kilomita 506, kwa takribani dola bilioni 2.2. Siku hizo tatu zilipata picha, hotuba na vichwa vya habari.

Sasa gawanya tena. Kilomita moja ya Makutupora–Tabora inagharimu kama dola milioni 5.2. Ya Tabora–Isaka ni kama milioni 5.5. Ya Tabora–Kigoma ni kama milioni 4.4. Inawezekana kabisa kuna sababu nzuri: wakandarasi tofauti, ardhi tofauti, madaraja, masharti ya mikopo. Sidokezi wizi wowote. Nasema tofauti ya karibu dola milioni moja kwa kila kilomita ni swali linalojitokeza lenyewe mtu akiziweka namba tatu kwenye karatasi moja, na kazi ya gazeti ni kuziweka kwenye karatasi moja. Zikiandikwa siku tatu tofauti, kila moja kama sherehe yake, swali halizaliwi.

Kuna jambo dogo zaidi linaloonyesha jinsi namba zinavyobebwa bila kufunguliwa. Kilomita hizo zinajumuisha njia za kupishania treni. Makutupora hadi Tabora si safari ya kilomita 368; njia kuu ni fupi zaidi, na zinazobaki ni njia za pembeni. Lakini kwa msomaji wa kawaida namba hiyo inasimama kama umbali kutoka mahali hadi mahali. Mwandishi aliipokea kwenye taarifa kwa vyombo vya habari, akaipitisha kama mzigo uliofungwa, bila kufungua kamba.

Ukitaka mfano ulio karibu zaidi na Choma, angalia pamba. Igunga ni wilaya ya pamba. Msimu wa 2019 bei elekezi ilitangazwa kuwa shilingi 1,200 kwa kilo, na bei hiyo ikawa habari ya furaha. Kwenye lugha ya kurasa za mbele kuna maneno mawili maalumu kwa mkulima: kicheko na kilio. Bei ikipanda ni kicheko kwa wakulima, ikishuka ni kilio. Lakini mwaka ule bei ya pamba kwenye soko la dunia ilishuka wakati bei elekezi imesimama pale pale, wanunuzi wakasita kununua, na wakulima wakakaa na pamba majumbani au wakaipeleka kwenye vyama vya msingi na kusubiri malipo. Je, hicho kilikuwa kicheko au kilio? Kilikuwa kusubiri, na kusubiri hakuna neno lake kwenye kurasa za mbele. Bei iliyotangazwa ilikuwa kweli. Bei iliyolipwa, na tarehe iliyolipwa, ndivyo vilivyoamua kama mtoto atalipiwa mchango wa shule au la.

Hapo ndipo ninapoona gharama ya kile kiambishi -a-. Mkulima anayesikia redioni kwamba bei "yapaa" hufanya uamuzi. Anakopa kwa jirani, anaahidi mahari, analima ekari nyingine msimu unaofuata. Habari ya uchumi kwa mtu wa mjini inaweza kuwa mazungumzo ya kijiweni. Kwa mkulima ni pembejeo, kama mbegu. Ukimpa mbegu mbovu, hasara ni yake peke yake.

Kosa la tatu ni kugeuza hesabu kuwa ndondi. Mfano mkubwa wa kizazi chetu ni shilingi trilioni 1.5. Aprili 2018 ilitoka ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kwa mwaka wa fedha 2016/17. Ndani yake serikali ilionekana kukusanya kama trilioni 25.3 na kutumia kama trilioni 23.79. Mbunge Zitto Kabwe aliuliza hadharani tofauti ile iko wapi. Serikali ilijibu bungeni kwamba hakuna fedha zilizopotea: sehemu ilikuwa mapato yaliyohesabiwa lakini hayajaingia mkononi, sehemu ililipia dhamana zilizoiva, na sehemu ilikusanywa kwa niaba ya Zanzibar.

Hapa palikuwa na nafasi adimu. Nchi nzima, mpaka kwenye vijiwe vya kahawa, ilikuwa tayari kujifunza tofauti kati ya kuhesabu fedha zinapoingia mkononi na kuzihesabu mtu anapoanza kukudai au wewe kumdai. Mwenye duka yeyote anaijua tofauti hiyo. Anaiita daftari la madeni. Mtu akikopa kilo mbili za sukari, umeuza, ila fedha huna. Kwa mfano huo mmoja msomaji angeweza kuyapima mwenyewe majibu ya serikali, na pia kuona ni sehemu gani ya majibu hayo bado ilihitaji ushahidi wa mkaguzi. Habari nyingi nilizosoma za wiki zile zilikuwa nani kamjibu nani, nani kakana, nani katakiwa kufuta kauli. Msomaji alitoka akiwa na upande. Hakutoka akiwa na uelewa. Na mpaka leo ukitaja trilioni 1.5 kijiweni, watu watagawanyika kwa vyama kabla ya kugawanyika kwa hoja.

Kwenye teknolojia mambo ni yale yale, ila yamevaa nguo mpya. Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya kujenga minara 758 ya mawasiliano katika kata 713. Namba nzuri, na kwa vijiji vingi vya Tabora ni jambo la maana kubwa. Lakini mnara ni chuma. Anachohitaji mama mdogo kwenye kibanda chake ni kwamba muamala usikwame mteja akiwa amesimama mbele yake. Mnara umewashwa lini, una umeme wa uhakika, unabeba intaneti ya kasi gani, na bando linauzwa bei gani ukilinganisha na kibarua cha siku? Maswali hayo huulizwa baada ya kamera kuondoka, kama yataulizwa.

Au zile mashine za kukusanyia mapato kwenye halmashauri. Kwenye magazeti ziliingia na jina la heshima kuliko yote tunayoyatoa kwa teknolojia: mwarobaini. Mwarobaini wa upotevu wa mapato. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zilizofuata zikawa zinaeleza kwamba zipo fedha zilizokusanywa kwa mashine hizo na hazikufika benki. Mashine ilifanya kazi yake. Ilitoa risiti na kuweka kumbukumbu. Aliyeshika mashine ndiye aliyekuwa habari, na ndiye aliyeachwa nje ya habari tangu mwanzo, kwa sababu tulikuwa tunaandika kuhusu dawa bila kuuliza mgonjwa ni nani.

Ni haki pia kutaja mahali ambapo kazi ilifanyika vizuri. Julai 2021 ilipoanza tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kulingana na kiasi kinachotumwa au kutolewa, habari hazikuweza kumwagwa. Kila msomaji alikuwa na ushahidi mfukoni. Magazeti yalilazimika kuandika kwa namba ndogo: ukituma kiasi hiki unakatwa hiki, ukijumlisha na ada ya kampuni inakuwa hiki. Mjadala ukawa mkali na wenye maana, kwa sababu mwandishi, waziri na muuza nyanya walikuwa wanaongelea kitu kile kile. Septemba mwaka ule tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Sisemi magazeti peke yao ndiyo yaliyoipunguza. Nasema ule ndio uandishi wa uchumi tunaouweza tukilazimishwa, na haukuhitaji shahada ya mtu yeyote.

Jirani zetu walitupa somo linalofanana. Kabla ya maandamano ya Juni 2024 kuhusu Muswada wa Fedha wa Kenya, vijana waliuchukua muswada wenyewe, wakaueleza kifungu kwa kifungu kwenye video fupi, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wengine wakatengeneza programu ya kuujibia maswali. Tarehe 26 Juni Rais William Ruto alitangaza kwamba hatausaini. Yaliyotokea mitaani yalikuwa mazito, watu walikufa, na siyapambi. Ninachokiona hapo ni kwamba ile hoja ya chumba cha habari kwamba msomaji wa kawaida hapendi vifungu na majedwali haina msingi. Msomaji hupenda kuelewa kinachomkata.

Sasa, ni rahisi kwa mtu wa chuoni kuwasuta waandishi. Wana sababu zao, na baadhi ni nzito. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa kwa namna iliyofanya iwe kosa kuchapisha takwimu zinazopinga za serikali. Kipengele hicho kiliondolewa mwaka 2019, lakini miezi ile ilitosha kumfundisha mhariri kwamba namba yenye usalama ni ile iliyotamkwa na ofisa. Februari 2019 gazeti la The Citizen lilifungiwa siku saba kwa sababu ya habari kuhusu kushuka kwa thamani ya shilingi. Rudia sentensi hiyo taratibu: gazeti lilifungiwa kwa habari ya bei ya fedha, bei ambayo kila anayeagiza mzigo nje anaijua asubuhi. Aprili mwaka huo huo Shirika la Fedha la Kimataifa lilisema serikali haikuridhia ripoti yake kuhusu uchumi wetu kuchapishwa. Mwandishi aliyekulia kwenye mazingira hayo akiandika "yamwaga" huenda anajikinga. Kiambishi kisicho na wakati hakimsingizii mtu, na hakimpeleki mtu polisi.

Ongeza umaskini wa vyumba vya habari. Waandishi wengi wa mikoani hulipwa kwa habari moja moja. Gari la kwenda kwenye uzinduzi hutolewa na mwenye uzinduzi. Hakuna anayetoa gari la kurudi miaka miwili baadaye kutazama kama bomba linatoa maji. Na serikali pamoja na taasisi zake ni watangazaji wakubwa wa magazeti hayo hayo. Ukiyaweka yote pamoja, kumwaga si uvivu wa mtu mmoja. Ni lugha iliyoota mahali ambapo kuuliza "lini" kuna gharama na kutouliza hakuna.

Hata hivyo, mazingira yanaeleza. Hayasamehe kila kitu. Hakuna sheria iliyowahi kukataza kugawanya. Hakuna sheria inayomzuia mhariri kuandika "yaahidi" pale palipoahidiwa, "yatia saini" pale paliposainiwa, na "imelipa" pale palipolipwa. Maneno hayo ni mafupi kama yamwaga. Bajeti na ripoti za ukaguzi zinatoka kila mwaka, zina kurasa za halmashauri moja moja, Igunga ikiwemo. Gazeti linaloweza kuchapisha msimamo wa ligi kila wiki, na timu ikajua imecheza ngapi, imeshinda ngapi na ina pointi ngapi, linaweza kuchapisha msimamo wa miradi ya mkoa mmoja kila miezi mitatu: uliahidiwa lini, umelipwa kiasi gani, umefika wapi. Mashabiki wa mpira hawajawahi kukubali kichwa cha habari kinachosema timu "yafunga" bila kuambiwa mabao mangapi na dakika ya ngapi.

Na aina hiyo ya uandishi ipo tayari nchini, ila haina mhariri wala mtangazaji. Kwa utaratibu wetu wa serikali za mitaa, mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kusomewa mapato na matumizi kila miezi mitatu. Si kila kijiji kinafanya hivyo, na wenyeviti wengine hukimbia mkutano kama mvua. Lakini pale unapofanyika, sikiliza sarufi yake. Mtendaji anasimama na daftari na kusema: tulipata kiasi hiki, tulitumia kiasi hiki kwa jambo hili, kimebaki hiki. Halafu mzee mmoja nyuma ananyoosha mkono, anamwamkia mwenyekiti, na kuuliza mabati yale ishirini yako wapi, maana yeye aliyaona kumi na nane. Ni -li- na -me- tupu, na mtu aliyehesabu kwa macho yake. Mtendaji akijaribu kumwambia mzee huyo kwamba kijiji "chamwaga" mabati, mkutano hautaisha siku hiyo.